Utando wa Tumbo la Kuluthum

Mbuzi wa kwanza Ijumaa hiyo hakuwa na utando. Kosgei, mchunaji wa bucha ya Bashir pale Bondeni, Nakuru, alimpasua akakuta matumbo yako uchi, bila ile shuka ya mafuta inayoyafunika. Wa pili, vilevile. Kosgei alijua kusoma mambo yajayo kwenye matumbo kama wazee wa kwao, lakini hapo aliweka kisu chini.

"Mama, hii sijaona," alimnong'oneza Kuluthum, mke wa Bashir. "Kuna kitu inakula hapa kwenu."

Tangu Jumatatu Kuluthum alikuwa akisikia vidole tumboni mwake, chini ya ngozi, vikibandua kitu polepole kama mtu anayemenya chungwa asitake kulipasua, na kila vilipotembea chumba kilinuka udi ambao hakuna aliyeufukiza, na baridi ikamwanzia kitovuni ikapanda mpaka meno yakagongana, jua la saa sita likiwaka nje. Alikimbilia kwa mjomba wake, Mwalimu Darweshi.

Darweshi alimsomea aya za kumtoa jini. Mara sauti nzito ya kiume ikatoka kinywani mwa Kuluthum.

"Simwachi. Nilipewa."

"Na nani?"

"Na mumewe. Hospitali. Utando wake kwa uhai wa mume."

Ala! Kumbe! Ni juzi tu, mwaka huohuo wa 1956, daktari alimpasua Bashir akakuta utando unaozunguka tumbo umeoza, umejaa usaha, akamshona aende akafie nyumbani. Siku ya tatu Bashir akaomba pilau. Mtaa mzima ukasema Mungu mkubwa, na Kuluthum, masikini, ndiye aliyefua mashuka yake yenye usaha! Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Bashir akaitwa.

"Atatoka ukitamka mwenyewe kwamba umemrudishia mkeo utando wake," Darweshi alimwambia. "Neno moja tu, mwanangu."

"Na mimi je?"

"Utarudi ulivyokuwa."

Kuluthum alikuwa amelala mkekani, mikono imeshika tumbo. Uchungu wa moyo uliuzidi ule wa mwili.

"Baba Ladan," alimwambia mumewe, "mimi nilikulisha kwa kijiko."

Bashir alimtazama. Midomo ikacheza kidogo. Kisha akainama mlangoni akavaa viatu, kimoja, halafu cha pili, akafunga kamba vizuri.

"Nimeacha bucha wazi," alisema. "Wateja wananingoja."