Vidonge vya Juu ya Friji

Kila Septemba, uani kwa Zumra hunukia hoho za kuchoma. Hununua magunia matatu, hoho nyekundu tupu, huwasha jiko la bati na kukaa juu ya kigoda akizigeuza moja moja mpaka ganda liwe jeusi. Zikishamenywa husagwa, hupikwa na kutiwa chupani, ziliwe wakati wa theluji.

Mmenyaji alikuwa mwanawe Mirnes, kijana wa miaka ishirini na minne. Lakini mwaka huo Mirnes hakutoka chumbani. Alikuwa amebandika magazeti dirishani.

"Mirnes, mwanangu, njoo umenye. Vidole vyangu vimeungua."

"Punguza sauti, mama! Watu wa ukutani wanasikia. Wanasema hoho zina sumu."

Zumra akainuka kigodani. Maneno hayo aliwahi kuyasikia majira ya baridi, kabla Mirnes hajalazwa hospitali. Akajitanda kitambaa chake, akatoka mbio. Langoni akakutana na jirani yake Sabaheta, muuguzi wa kliniki ya afya ya akili, amekuja na kisu chake kusaidia kumenya.

"Wakimbilia wapi, dada, na jiko linawaka?"

"Kwa Bibi Fata. Akammwagie risasi tena. Hofu imemrudia mtoto."

Hiyo ndiyo desturi ya mji wao. Aliyeshtuka hufunikwa shuka, na madini ya risasi yaliyoyeyushwa humwagwa kwenye bakuli la maji lililoshikwa juu ya kichwa chake. Yakiganda, bibi kama Fata husoma umbo lake kujua kilichomtisha.

"Mara ya kwanza ilimponya," Zumra akasema. "Alicheka, akarudi kazini kwenye tanuri la mikate."

"Na vidonge vya hospitali je?"

Zumra akatazama viatu vyake. "Viko juu ya friji. Nilimwambia aache tangu Julai. Vilimsinzisha, na suruali zote zikambana. Nikasema, mtu kapona, dawa ya nini?"

Sabaheta hakumgombeza. Aliingia naye uani, akaketi juu ya kreti, akachukua hoho, akaanza kumenya.

"Wakati ule wa kumwagiwa risasi, vidonge alikuwa anameza?"

"Kila jioni."

"Basi jikoni mlikuwa na wapishi wawili, dada, ukamsifu asiyepika."

Zumra akavuta kigoda chake. Kisha akaketi naye.

"Ugonjwa wake unaitwa skizofrenia," Sabaheta akasema. "Ni ugonjwa wa ubongo. Mtu husikia sauti ambazo sisi hatuzisikii, au huamini kwamba anawindwa. Kwake ni kweli kabisa."

"Watu wanasema ndani yake kuna watu wawili. Jirani wa upande wa pili akimwona huingiza watoto ndani."

"Ni Mirnes mmoja tu, amechoshwa na makelele. Wengi wenye ugonjwa huu hawamdhuru mtu. Mara nyingi wao ndio wanaodhuriwa."

"Au ni kosa langu? Nilimwacha alale dirisha wazi, nywele mbichi, upepo unapita..."

Sabaheta akacheka. "Sisi na upepo wetu! Upepo hauleti skizofrenia. Wala laana, wala malezi yako."

"Lakini vile vidonge vilimlemea kweli."

"Hilo mwambie daktari. Anaweza kupunguza au kubadilisha. Kuviacha tu bila kumwuliza ndiko kunakorudisha sauti. Na usibishane na Mirnes. Mwambie wewe huzisikii, ila unaona anaogopa."

Zumra akaenda mlangoni kwa mwanawe. Akasema polepole, "Mirnes, mimi sizisikii hizo sauti. Lakini naona unaogopa. Niko hapa."

Kitasa kikalia. Halafu mlango ukafunguka kidogo.

"Utanipeleka tena kwa Bibi Fata? Risasi yake inanuka."

"Hapana, mwanangu. Kwa daktari. Na mimi nitakuwepo."

Asubuhi yake wakaenda, na Sabaheta pamoja nao. Daktari alimsikiliza Mirnes mwenyewe, akabadilisha dawa. Haikuwa kazi ya siku moja. Wiki nyingi zilipita kabla magazeti hayajabanduliwa dirishani. Mirnes akaanza kwenda kliniki kila mwezi, kisha akarudi kwenye mikate, kwanza nusu siku. Vidonge vikashuka kutoka juu ya friji, vikakaa mezani karibu na dele la kahawa, vionekane.

Septemba ikarudi. Mama na mwana wakakaa uani, magunia matatu kati yao. Zumra alikuwa akisimulia habari za harusi ya binamu, mikono ikipaa hewani.

"Mama," Mirnes akasema ghafla, "hoho zinaungua."

Zumra akaganda. Akamtazama usoni. "Nani kakuambia?"

"Pua yangu, mama! Geuza!"

Wakacheka mpaka Sabaheta akachungulia juu ya ua kuuliza kulikoni. Hoho sita zilikuwa zimekuwa makaa. Ya saba Mirnes akaimenya, akainyunyizia chumvi, akaila.