Pono Aliyejificha Mchana

Samaki alizama mchangani jua likiwaka, na hapo fundi cherehani akaanza kushuku.

Pono mdogo wa miamba hulala kwa kujifukia. Jioni hutumbukia mchangani, asubuhi akaibuka na rangi zake. Mchana hajifichi ila ameona adui. Ndivyo mume wa fundi alivyomweleza kabla ya kusafiri kikazi, akamwachia tangi la kioo sebuleni na wosia mmoja: maji yakipungua, ongeza yasiyo na chumvi, kwani joto hunywa maji likaacha chumvi.

Maji yalipungua, fundi akaongeza. Lakini alipotia kipimo, chumvi nayo ilikuwa ikishuka. Basi si joto. Kuna aliyeyanywa pamoja na chumvi yake.

Fundi akawa anavizia kutoka kwenye cherehani. Kila wifi yake, aliyekuja kumsaidia kulea, alipoingia amembeba mtoto kiunoni, harufu ya mwani uliooza ilipita, na pono akachomoka kama mshale kuingia mchangani.

"Samaki wenu ananikimbia kama mchumba aliyeniacha," wifi alitania. Kisha, kwa sauti ya chini: "Na mwanao siku hizi ana kiu, wifi. Nampa maji, hatosheki."

Fundi hakucheka. Moyo ulimwambia kwamba huyu anayemwogesha mwanawe, anayemlisha, anayemlaza na kumnong'oneza maneno ambayo mama hayasikii, si wifi tena bali ni jini aliyevaa sura ya wifi, na kwamba akimvumilia hata kidogo, atageuka kutoka kwenye cherehani yake akute mwana hayupo.

Akamwambia afungashe.

Wifi alilia, akafungasha. Mlangoni akamshusha mtoto taratibu, kama mtu anayetua yai.

"Hujajiuliza kwa nini nambeba kutwa?" alisema. "Nikimweka chini tu, anakwenda kwenye tangi."

Fundi akaona anatiwa mchanga machoni. Akafunga mlango.

Mtoto alikuwa amekwenda chumbani. Sebuleni pono aliibuka, akazunguka tangi lote aking'aa, na fundi akashusha pumzi aliyoibana tangu asubuhi.

Kisha nyuma yake vikasikika vishindo vya miguu midogo iliyolowa, chap, chap, juu ya sakafu kavu.

Pono akazama.

Fundi aligeuka. Alikuwa mwanawe, amenyoosha mikono abebwe. Akambeba, angefanya nini? Akambusu shavuni, na midomo yake ikaonja chumvi.

"Mama," mtoto alinong'ona, akitazama tangi. "Kiu."