Kiti cha Abiria

Msiniambie habari za mashemeji. Rafiki yangu seremala, mtu asiyeamini hata ndoto zake, alinunua gari dogo kuukuu la kupandia milima kutoka kwa kaka wa mkewe. Siku ya kulijaribu, shemeji alikataa katakata kukaa mbele. Alijibana nyuma, magoti yakimgusa kidevu.

"Huku naisikia injini vizuri," alisema. Rafiki yangu akacheka.

Akalitengeneza kwa mapenzi: springi ndefu, matairi yenye meno, taa kali, na kiti kipya cha abiria, ambacho hakukivua hata nailoni. Mchana mmoja akaliingiza kwenye karakana yake, akafunga milango yote ili ajaribu taa. Giza likawa totoro. Akiwa kwenye usukani, kabla hajawasha, alisikia nailoni ikichakarika kando yake, polepole, kama mtu anayejiweka sawa. Kisha mkanda ukavutwa, na kifungo chake kikalia: ta!

Alitoka mbio kwa mlango mdogo, akampigia shemeji. Yule hakungoja hata salamu.

"Amefunga mkanda?"

"Kumbe ulijua! Mimi niliyemuoa dada yako?"

"Nisamehe, shem. Hata mimi niliuziwa na ndugu yangu wa tumbo moja."

Rafiki yangu akafungua milango mikubwa, mwanga ukaingia. Kiti kilikuwa kitupu. Mkanda ulikuwa umefungwa, lakini haukukilalia kiti. Ulikuwa umetuna mbele yake, ukipanda na kushuka, taratibu.