Honi Mbili Kwenye Kona ya Ofisi

Saa nane na dakika kumi mchana, siku ya Jumatatu, wafanyakazi wa ghala la nafaka walimkuta Mzee Mizani, mpimaji wa magunia, amelala chini kwenye kona ya ofisi. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti, na kofia yake ilikuwa imeingia chini ya bampa ya pikapu kuukuu ya ghala. Dereva alikuwa amepiga magoti pembeni yake.

"Nilibonyeza," alikuwa anarudia. "Haki ya Mungu, nilibonyeza."

Saa tisa kasoro robo, dada yake dereva alikuwa ameshafika. Yeye ni fundi umeme wa magari, ana banda lake mtaa wa pili, na kwa vile hakuna betri iliyomshinda, watu wote humwita Mama Betri. Mdogo wake huyo alimlea mwenyewe tangu wazazi wao wafariki. Akisikia ameguswa, hajui kutembea polepole.

Alimkuta meneja ofisini, amekaa kwenye kiti chake kama vile hakuna mtu aliyetoka kubebwa kwenda hospitali. Dirisha lilikuwa wazi, na chini yake ndipo ilipo ile kona. Juu ya meza palikuwa na simu, mkasi, na kalenda iliyochanika ikaungwa kwa selotepu pana ya kahawia.

"Mama, hili limekwisha," meneja alisema. "Kanuni imeandikwa ukutani pale kwenye kona, herufi kubwa: piga honi mara mbili kabla ya kona. Ndugu yako hakupiga. Afande wa trafiki anakuja saa kumi na moja, nitamkabidhi. Na kazi hana tena."

"Anasema honi haikulia."

"Asubuhi ilikuwa inalia. Soma." Akamsukumia fomu ya ukaguzi. Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi: breki safi, taa safi, honi safi. Chini kulikuwa na sahihi ya meneja mwenyewe. "Kama sasa hailii, basi kaiharibu yeye baada ya ajali, apate pa kujifichia."

Mama Betri alihisi damu imempanda kichwani. Miaka tisa mtu anaendesha gari lenu bila hata kugonga ndoo, leo mnamwita mharibifu na mwongo kabla hata ya kufungua boneti! Jamani, hata aibu hamna?

"Nitaiangalia hiyo gari kabla afande hajafika," alisema.

"Iangalie tu," meneja alijibu, huku anapangusa meza.

Mama Betri alianza palepale anapoanzia siku zote. Alibonyeza honi: kimya. Akachomoa fyuzi, akaitazama kwenye mwanga: nzima. Akaweka sikio karibu na rilei, swichi ndogo inayopeleka umeme kwenye honi, akamwambia mdogo wake abonyeze tena. Rilei ililia tak, tak. Kwa hiyo umeme ulikuwa unatoka kwenye usukani vizuri kabisa. Akatoa waya mrefu kwenye mfuko wa ovaroli, akaunga betri moja kwa moja na honi.

Paaaa! Ilikuwa honi ya lori, iliyofungwa kwenye pikapu hiyo zamani. Kuku wa jirani walitawanyika.

"Honi nzima, fyuzi nzima, rilei nzima," alisema. "Basi njia ndiyo mbovu."

Alilala chini ya bampa, akamulika nyuma ya wavu wa mbele. Waya mmoja tu ndio unaokwenda kwenye honi ile, na ulikuwa umekatwa. Ncha zote mbili zilikuwa zimefungwa kwa selotepu ya kahawia, na juu ya selotepu kulikuwa na matone madogo ya rangi ya kijani, yaliyokauka. Kisha akatoka chini, akajipangusa, na hakumwambia mtu alichokiona.

"Bwana mdogo, njoo. Mara ya mwisho honi hii kulia ilikuwa lini?"

"Jumamosi, dada. Saa sita kasoro, narudi na mzigo wa mwisho. Nilipiga mbili hapa kwenye kona. Saa sita tukafunga, mimi nikaja kwako, si tulikula pamoja?"

"Na leo?"

"Leo gari lilishinda hapa uani, mzigo haukuwapo. Nimetoka saa nane kasoro kujaza mafuta hapo ng'ambo, kutoka hatupiti kona, nimerudi. Naingia kona, nabonyeza, kimya. Kabla sijaelewa kitu, mzee keshatokea. Macho yake yamechoka, dada. Anasikiliza honi tu. Anatuamini sisi."

Wa kwanza Mama Betri kumbana alikuwa fundi wa yadi, maana kila mtu alijua yeye na dereva hawapikiki chungu kimoja tangu wagombane juu ya matairi.

"Wewe ndiye mkaguzi wa magari. Mbona fomu ya leo si yako?"

"Asubuhi nilikuwa kliniki na mke wangu. Nimefika saa nne. Muulize mlinzi." Alikunja uso. "Unadhani ni mimi? Mama Betri, wewe ni fundi mwenzangu. Ningetaka kuizima honi, ningekata waya?"

"Nani kakwambia waya umekatwa?"

"Si nimechungulia sasa hivi ulipoinuka! Kazi gani ile? Fundi anachomoa fyuzi, sekunde mbili, hakuna anayejua. Na mimi natumia utepe mweusi wa umeme." Akautoa mfukoni kama ushahidi. "Huyo mdogo wako simpendi, kweli. Lakini Mzee Mizani ndiye aliyeniombea kazi hapa. Usinitukane."

Alisema kweli, na Mama Betri alimwomba radhi hapohapo. Aliyekata waya ule hakujua gari hata chembe.

Wa pili alikuwa mpaka rangi, aliyekuwa anamalizia geti. Viatu vyake vilikuwa na matone ya kijani.

"Wavu wa pikapu uliupaka lini?"

"Jumamosi, saa tisa alasiri, kwa bomba la kupulizia. Geti na pikapu, rangi moja."

"Unafunga kwa tepu gani sehemu usizotaka zishike rangi?"

"Tepu ya karatasi, nyeupe. Kwani kuna nini, mama? Mbona unanitazama hivyo?"

"Hakuna kitu, baba. Endelea na kazi."

Mwisho alikwenda kwa mlinzi. Daftari la getini lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza. Jumamosi, saa sita: wafanyakazi wote wametoka, fundi wa yadi akiwemo, dereva akiwemo. Saa nane: mpaka rangi ameingia. Saa kumi: meneja ametoka.

"Kuanzia saa sita mpaka saa nane, ndani alibaki nani?"

"Mimi hapa getini, na bosi ofisini. Alikuwa na mazungumzo ya simu na wenye ghala. Siku hiyo alifoka sana. Alisema ile honi ya lori imemkatiza mbele ya wakubwa, wakacheka."

Saa kumi na moja kamili afande wa trafiki aliingia ofisini, kofia mkononi. Meneja alikwisha kumwandalia fomu. Mama Betri aliingia nyuma yake bila kukaribishwa, na mdogo wake na fundi wa yadi wakasimama mlangoni.

"Afande, kabla hujamchukua mtu," alisema, "nenda ukaone mwenyewe waya wa honi. Umekatwa, na umefungwa selotepu ya kahawia. Juu ya selotepu kuna rangi ya kijani. Rangi hiyo ilipakwa Jumamosi saa tisa. Kwa hiyo waya ulikatwa kabla ya saa tisa Jumamosi, na baada ya saa sita, maana honi ililia hapa watu wote wakasikia. Ndugu yangu alikuwa kwangu. Daftari la getini linasema muda huo ndani walikuwa watatu: mlinzi getini, mpaka rangi aliyeingia saa nane na tepu yake nyeupe, na meneja." Akanyoosha kidole. "Hapa ghalani magunia hufungwa kwa kamba. Selotepu kama hiyo iko wapi, afande, kama si kwenye kalenda ile?"

Afande aliinua mkasi. Kwenye makali kulikuwa na pengo dogo, saizi ya waya, linang'aa rangi ya shaba.

"Mnajua ile kelele?" meneja alipasuka. "Mara arobaini kwa siku, chini ya dirisha langu! Nazungumza na watu wakubwa, paa paa! Nilitaka wiki moja tu ya utulivu. Sikutaka mtu aumie!"

"Hukutaka, sawa," Mama Betri alisema. "Lakini leo asubuhi uliandika honi safi, ukijua. Mzee alipokuwa chini analia, ulijua. Ukamtazama huyu machoni, baba wa watoto watatu, ukamwita mwongo. Ungemwacha alale ndani kwa ajili ya usingizi wa masikio yako! Binadamu gani wewe?"

Afande alikunja fomu, akaitia mfukoni pamoja na mkasi.

"Twende, bosi. Hii sahihi utaielezea kituoni."

Mama Betri alitangulia uani. Alimenya ncha za waya, akaziunga, akazifunga kwa utepe mweusi aliopewa na fundi wa yadi. Mdogo wake akapanda, akawasha gari ili alisogeze kando ya njia.

Meneja na afande walitokea upande wa pili wa ofisi. Walipofika kwenye kona, meneja alisimama ghafla. Alikuwa anasikia injini lakini haoni gari. Akaegemea ukuta, chini ya maandishi yale makubwa, akanyoosha shingo na kuirudisha, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma.

"Anasubiri nini?" fundi wa yadi aliuliza.

"Anasubiri kile Mzee Mizani alichokuwa anasubiri," Mama Betri alisema. Akamgeukia mdogo wake. "Simamisha gari. Mpigie mbili, apite salama."

Dereva alifuta uso kwa mkono wa shati, akabonyeza mara mbili.