Fomu Iliyokutwa Chini ya Mto wa Jeruto

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Jumanne, mwili wa Jeruto ulionekana ukielea kwenye bwawa nyuma ya kambi ya wanariadha, nje kidogo ya mji wa Kitale. Chini ya mto wa kitanda chake, Inspekta Nakhumicha alikuta fomu ya kupima saikolojia, ile wanayojaza wakimbiaji kila msimu. Palipoulizwa kama amewahi kutamani kufa, palitiwa alama: kila siku.

"Si amejiua tu, madam," alisema konstebo.

Nakhumicha aliitia fomu kwenye bahasha. Alimwita kocha Kimeli, aliyegombana na Jeruto Jumatatu jioni.

"Mligombania nini?"

"Alikataa mbio za majaribio. Ati mpaka mwenzake atibiwe. Nikamuuliza mwenzako nani, akaenda zake."

Alfajiri Kimeli alikuwa uwanjani na kikosi chake. Mbali na Jeruto, aliyekosekana ni Sandra tu, mwenzake wa chumba, aliyesema tumbo lilimsokota.

Saa sita Nakhumicha alikuwa Bungoma, ofisini kwa Daktari Levi, mwanasaikolojia wa timu. Levi aliisoma fomu mara mbili, akavua miwani.

"Hii si ya Jeruto. Yake ninayo hapa, alijaza Ijumaa. Fomu tupu huwa naziacha kambini, yeyote angechukua. Na kwenye hii uliyoileta, ona swali la ishirini, nini kinakunyima usingizi? Ameandika: goti, nikishuka mteremko."

"Si mtu anaweza kubuni?"

"Jibu moja, sawa. Lakini haya sitini yote yanashikana. Aliyejaza alikuwa anajieleza mwenyewe."

Jioni daktari wa mochari alipiga simu. Magoti ya Jeruto yalikuwa mazima. Kisogoni alikuwa na jeraha.

Jumatano saa tatu, Kimeli na Levi wakiwa nyuma yake, Nakhumicha alimwomba Sandra awaonyeshe njia ya bwawani. Msichana aliteremka kiubavu, akiepuka kuukanyagia mguu wa kushoto.

"Goti linakuuma tangu lini?"

Sandra alisimama. "Mwezi wa tatu."

"Na Jeruto alijua."

"Alisema nisipomwambia kocha, atamwambia yeye. Ati ananionea huruma." Alitazama kule bwawani. "Mimi sijui kitu kingine ila kukimbia, madam. Nilimsukuma, akagonga jiwe, akaingia majini. Nikasimama tu. Nikamwangalia. Halafu nikarudi chumbani, nikajaza fomu, nikaiweka chini ya mto wake ili ionekane amejiua."

Levi alitoa fomu nyingine. "Hii uliijaza Ijumaa. Unalala vizuri, huna maumivu, huna hofu. Kwa nini hukusema?"

"Ukisema ukweli unatolewa timu. Kila mtu anajua."

Kimeli aliinamisha kichwa.

"Ningekutafutia matibabu," Levi alisema.

"Hukutuambia hivyo, daktari."

Nakhumicha alimtia pingu. Walipofika getini, mama mmoja aliyejifunga leso kichwani alikuwa akishuka kwenye bodaboda, macho yamevimba kwa kulia.

"Mimi ni mama Jeruto," alisema. "Nionyesheni Sandra. Mtoto wangu alikuwa anamtaja kila akipiga simu. Nataka nikae naye kidogo."

Sandra aliificha mikono yenye pingu ndani ya fulana yake.