Swali la Muuza Mkaa

Siku ya kliniki ya watoto, muuguzi alifika zahanati mapema. Alipanga mabomba ya sindano, akafungua boksi la barafu, akaanza kuwaita akina mama. Kazi yake aliijua vizuri. Ulimi wake ndio uliomponza.

Siku hiyo chanjo mpya ya malaria ilikuwa inaanza kutolewa. Foleni ilifika hadi nje. Zamu ya muuza mkaa ilipofika, alimkumbatia mtoto wake akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, hii chanjo ni mpya. Itamfanya nini mwanangu?"

Muuguzi alikuwa amechoka. "Tangu lini muuza mkaa akawa daktari?" alisema. "Leta paja la mtoto, wenzako wanasubiri."

Watu wakacheka. Muuza mkaa alivitazama vidole vyake vyeusi, akavificha ndani ya mtandio. Kisha akambeba mtoto wake mgongoni, akaondoka.

Kliniki iliyofuata, mabenchi mengi yalikuwa matupu. Muuguzi alirudi nyumbani amenuna. Aliishi na mdogo wake, fundi cherehani, aliyekuwa na mtoto wa miezi sita. Alimlalamikia kwamba watu wa mtaa ule hawaelewi kitu. Mdogo wake alishona, alishona, halafu akasimamisha cherehani.

"Dada, hata mwanangu hajachanjwa chanjo hiyo."

Muuguzi alidhani hakusikia vizuri.

"Siku ile nilikuwa kwenye foleni, kule nyuma," mdogo wake alisema. "Nilikuwa na swali kama la yule mama. Nilisikia ulivyomjibu, nikarudi nyumbani."

"Si ungeniuliza hapa hapa?"

"Niliogopa utanicheka."

Uso wa muuguzi uliwaka moto.

Kesho yake alimsimulia daktari wa zahanati mambo yote, macho yakiwa chini. Daktari hakumgombeza. Alimweleza kwamba mzazi anayeuliza hajakataa. Asikilizwe mpaka amalize. Aambiwe chanjo inafanya nini na haifanyi nini. Asifichwe madhara. "Na usilolijua, sema hulijui," daktari alisema. "Wakikukamata na uongo mmoja, hawatakuamini tena."

Muuguzi alikwenda sokoni, akamkuta muuza mkaa akishona mdomo wa gunia. Alimwomba radhi, akamsihi arudi kliniki.

"Ulinitukana mbele za watu," muuza mkaa alisema bila kuinua kichwa. "Radhi unaniomba huku nyuma ya magunia."

Muuguzi aliondoka akitamani ardhi immeze. Lakini maneno yale yalikuwa ya haki.

Siku ya kliniki, muuza mkaa alikuja, akaketi karibu na mlango. Muuguzi alisimama mbele ya akina mama wote.

"Mama huyu aliniuliza swali zuri, nikamdhihaki," alisema. "Nilikosa. Mama, naomba unisamehe, na naomba uulize tena."

Hakuna aliyecheka. Muuza mkaa alieleza kwamba mtoto wake wa kwanza aliwahi kupata degedege kwa sababu ya homa. Alihofia chanjo italeta homa kama ile.

Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema chanjo inapunguza malaria kali, ila haizuii malaria yote, kwa hiyo chandarua kiendelee kutumika. Mtoto anaweza kupata homa au uvimbe kidogo. Degedege huweza kutokea, lakini ni mara chache sana. Daktari angemwangalia mtoto kwanza, na homa ikizidi, arudishwe zahanati mara moja.

"Kinga yake inakaa miaka mingapi?" mama mwingine aliuliza.

"Muda kamili siujui. Wataalamu bado wanafuatilia. Ndiyo maana dozi ni zaidi ya moja, na zote ni muhimu."

Daktari alimpima mtoto wa muuza mkaa, akamkuta yuko salama. Mtoto alichanjwa. Jioni alipata homa kidogo, na kesho yake alikuwa anacheza. Mama yake aliwasimulia wateja wake, na kliniki zilizofuata mabenchi yalijaa.

Lakini siku ile ile ya kuomba radhi, mara tu baada ya muuza mkaa, aliingia fundi cherehani na mtoto wake. Muuguzi hakumwita "mdogo wangu". Alimvutia kiti.

"Karibu, mama. Una swali?"

"Ninayo mengi," mdogo wake alisema, akaketi.