Pumzi ya Kisima cha Akheri

Alasiri ile povu la sabuni halikutuna. Lilivutwa ndani.

Hatibu Najim alikuwa fundi wa kisima cha gesi kule Akheri, katika bonde lililo chini ya migomba ya mama mmoja wa Kimeru aitwaye Nanyori. Shirika la umma ndilo lililokichimba, likipeleka gesi kwa watengeneza soda. Shirika lilipouzwa kwa mtu binafsi, mwenye mali mpya hakuihitaji gesi. Alitaka kisima kizibwe, kisivuje kabisa. Mpaka saruji ifike, kazi ya Hatibu ilikuwa kupaka povu kuzunguka kifuniko cha chuma kila alasiri. Likituna pahali, ndipo gesi inapovuja, naye hukaza nati.

"Bado unamwogesha mwanao?" msimamizi wake, Fanuel Aikaeli, alimtania.

"Leo ananyonya," Hatibu alijibu.

Fanuel akainama. Povu lilizama kando ya nati moja, likatoka, likazama tena, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Hakutania tena.

"Kesho tutaikaza," alisema, akaondoka mapema kuliko kawaida.

Nyumba ya Hatibu ilikuwa humo humo bondeni. Mkewe, Mwanamkuu, alifunga milango na madirisha kabla ya magharibi, kama walivyofanya mtaani kwao, Sokon I, ili shetani asiingie. Na kwa kuwa Nanyori alikwisha kumwonya kwamba bonde lile halilishwi mbuzi, maana hufia humo, aliziba na nyufa zote kwa matambara. Kuku waliokuwa wakiatamia chini ya kitanda walinyamaza. Harufu kali ikawapanda puani yeye na mumewe, kama mtu anywapo soda kwa pupa.

"Baba Kauthar," alinong'ona, "umefungua nini huko?"

"Sijafungua kitu."

"Basi kimeingia kabla sijafunga."

Hatibu alishika koroboi akainama kuwatazama kuku, na mwali ukazimika ulipofika usawa wa kitanda, akauwasha, akainama, ukazimika tena, safari hii pumzi ya baridi ikimpita kiganjani kama ya mtu aliyepuliza kwa makusudi, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba binti yao Kauthar, wa miaka miwili, alikuwa amelala mkekani, chini kabisa, ndani ya kile kilichokuwa kikimeza moto, akampapasa gizani, akamwinua amelegea, akaupiga mlango teke na kupanda naye mpaka migombani kwa Nanyori, Mwanamkuu nyuma yake.

Mtoto hakuwa akipumua. Kisha kule bondeni kifuniko kikakoroma, naye akavuta pumzi. Kikakoroma tena, akaitoa.

Kuku wote walikutwa wamekufa juu ya mayai yao.

Mwalimu Abdulrahman aliletwa kutoka Sokon I. Alifukiza ubani, na moshi haukupanda, uliteremka kisimani. Aliweka sikio kifuani kwa mtoto, kisha akaenda kuliweka juu ya chuma.

"Huyu wa chini hana pumzi yake," alisema taratibu. "Mlimfungia nyumbani pamoja na mtoto. Sasa wanatumia moja."

"Mtoe, Mwalimu," Mwanamkuu alisema.

"Nikimtoa, mwanangu, ataondoka nayo."

Mwalimu aliondoka bila kukubali hata maji ya kunywa.

Juma lile saruji ilifika. Hatibu alimweleza Fanuel yote. Fanuel alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi ni Mlutheri, Hatibu. Kaza."

Nati ya mwisho ilikuwa ile ile. Hatibu aliizungusha kidogo kidogo, na povu likapungua, likatulia, likawa tambarare kama maziwa kwenye kibuyu, na katika ukimya ule sauti ya Mwanamkuu ikateremka kutoka migombani, bila kupiga kelele, kama mwenye kuogopa kusikiwa: "Baba Kauthar. Ameacha."

Akairudisha nyuma spana. Povu likatuna. Juu kule mtoto akakohoa.

Fanuel alivua kofia, akasimama nayo mkononi.

"Zege tutamwaga pembeni," alisema mwishowe. "Nitasema kimezibwa."

"Na kikivuja?"

"Kivuje kidogo."

Hatibu alihamia juu, jirani na Nanyori, akalizungushia bonde ua wa miiba asipite mbuzi wala mtoto wa mtu. Kila alasiri aliteremka na ndoo yake ya sabuni kama zamani. Tofauti ni kwamba sasa aliogopa povu lililotulia.

Masika ya mwaka wa pili povu lilituna penye nati aliyoilegeza, likashuka. Kando yake, penye nati ambayo hakuwahi kuigusa, likatuna jingine, dogo, lenye kwenda mbio zaidi. Alishika spana. Akaiweka chini.

Mwanamkuu alimngoja mlangoni, mkono mmoja umemshika Kauthar, mwingine uko tumboni. Alikuwa akitabasamu.

"Baba Kauthar, nina habari."

"Najua," alisema Hatibu.